Kwa Nini Ofisi Yenu Inavuja

Vijana wa kampuni, ujumbe wenu umenifikia. Mmemtuma mjukuu wangu Ruti, ambaye anafanya kazi pamoja nanyi kwenye mashine ya bloki za saruji, aje aniulize kwa nini paa la ofisi linavuja wakati vigae vyake nilivichagua mimi mwenyewe mbele yenu wote. Ruti amelizunguka swali hilo kuanzia mlangoni hadi jikoni. Kwanza aliulizia magoti yangu, halafu akaulizia mbuzi, halafu akasema, kana kwamba limemtoka tu, kwamba maji yanadondoka juu ya meza ya mhasibu. Mhasibu wenu simjui vizuri, lakini nampa pole.

Nitajibu, ila nitaanzia mbali. Ninyi wenyewe mmekuwa mkisema mnataka kuijua historia ya kampuni. Ile mliyoibandika ukutani pale mapokezi nimeisoma. Ni nzuri, ina picha za tanuru na za wakurugenzi waliovaa tai, kila mmoja anaitazama kamera kama iliyomkosea. Inasema tulianza na matofali, tukaingia kwenye vigae, na siku hizi ni bloki na mabati. Hakuna uongo hapo. Lakini vigae havikutoka tanuruni vikapanda juu ya nyumba za watu hivihivi. Vilipita kwanza kwenye masikio ya mtu mmoja, na huyo hayumo kwenye picha hata moja.

Aliitwa Papa Mumba. Enzi hizo hakuna aliyeita kampuni kwa jina lake la kwenye karatasi. Likasi nzima ilisema Brikteri, yaani kiwanda cha matofali, na ukisema Brikteri watu waliona akilini yule mzee mwembamba ameketi kwenye kiti kifupi mlangoni mwa tanuru, kijiti cha mti mgumu mkononi.

Mimi niliwekwa kwake kama msaidizi nikiwa msichana. Siku ya kwanza aliniambia hakuna anayeanza kazi Brikteri bila kulisalimia tanuru na kuliuliza lililalaje. Nikaenda, nikainama mbele ya ule mdomo mweusi, nikasema jambo Papa, na wanaume wote wa kwenye mashine ya kukandamiza vigae wakafa kwa kicheko. Kesho yake nikaenda tena kwa hiari yangu, nikasalimia kwa sauti kubwa zaidi, nikarudi nikamwambia Papa Mumba kwamba tanuru linamsalimu na linamuuliza kwa nini yeye haji. Kuanzia hapo tulielewana.

Sasa sikilizeni, maana haya mashine yenu haitawafundisha. Udongo wetu ulitoka kwenye vichuguu, vile virefu kuliko nyumba mnavyoviona mkielekea Mulungwishi. Mchwa wameshauchekecha wenyewe, kazi yako ni kuujua tu. Unachukua kipande kidogo kama punje ya hindi, unakiweka kati ya meno ya mbele, unakisaga polepole. Ukikwaruza, una mchanga mwingi, uache. Ukiteleza sana, utapasuka wakati wa kukauka, kwa hiyo uchanganye na ule unaokwaruza kidogo. Papa Mumba alirudia mara nyingi kwamba ni meno ya mbele. Mimi niliona meno ya mbele ni ya kuchekea watu, nikatumia gego. Nikakutana na changarawe. Likumbukeni hilo gego.

Baada ya hapo udongo ulilowekwa, ukasagwa kwenye kinu, ukakandamizwa kuwa vigae, ambavyo wazee waliviita tuili, vikakaa kivulini bandani hadi vikauke, na mwisho vikaingia tanuruni. Tanuru likishapoa na kufunguliwa ndipo kazi ya Papa Mumba ilipoanza. Kigae kina tabia moja: kinaweza kuwa na ufa ndani ambao jicho halioni. Mimi nilisimama mbele yake nikikining'iniza kwa vidole viwili, kwa sababu ukikikumbatia hakilii. Yeye alikigonga. Kizuri kilitoa sauti safi inayokaa hewani. Chenye ufa kilikohoa. Halafu kijiti kilielekeza: kulia ni kwa wateja, kushoto ni rebi, yaani vile vilivyokataliwa.

Na rebi ilikuwa mali yetu. Hiyo ndiyo desturi ya Brikteri ambayo ukuta wenu hauitaji. Kila kigae kilichokohoa kiligawiwa mfanyakazi, na Kalenga, msukuma toroli, alivipeleka kwenye kartie yetu, mtaa wa wafanyakazi, upande wa Shituru. Kwa hiyo sisi tulioezeka nusu ya mji tuliishi chini ya paa zinazovuja. Watu walituita Kartie ya Mabeseni. Mvua ikianza, kabla hujaisikia juu, unasikia mabeseni yakivutwa sakafuni nyumba kwa nyumba. Mgeni akija unamwonyesha kiti, kisha unamwonyesha pa kutokiweka. Mama yake Selestini, kijana niliyeolewa naye baadaye, alipokuja kwetu mara ya kwanza kunitazama, tone moja lilimwangukia ndani ya kikombe. Akainywa ile chai mpaka mwisho bila kusema kitu. Nikajua mama mkwe nimepata.

Halafu ukaja msimu mmoja wa mvua ambao mabeseni yalikaa makavu. Watu walikuwa wameshabadilisha vigae vyao vibovu kwa rebi mpya, na rebi mpya haikuvuja. Tukalala vizuri, tukakausha magodoro. Pasta wetu, ambaye sebule yake ndiyo ilikuwa kanisa, aliomba watu wasimame watoe ushuhuda. Kalenga akasimama akashuhudia kwamba Bwana ameziba mbingu juu ya kartie yetu. Tukaitikia amina kwa nguvu. Hakuna aliyeuliza Bwana alivitoa wapi vile vigae, kwa sababu mtu hapendi kuuliza maswali akiwa mkavu.

Mimi nilianza kuuliza, lakini moyoni. Siku moja king'ora cha mapumziko kililia, kila mtu akaweka chini alichoshika, na Papa Mumba akaendelea kuninyooshea mkono nimletee kigae kingine. King'ora kile kilifungwa juu ya kichwa chake. Nikapita nyuma yake nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, akageuka Kalenga aliyekuwa mbali bandani. Kabla ya kupewa kile kiti, Papa Mumba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha kusaga udongo, na kinu kilikuwa kimekula masikio yake kidogo kidogo, wala yeye hakumwambia mtu.

Niliogopa sana. Mgonga vigae asiyesikia, nani angemweka? Wangemnyang'anya kijiti, na pamoja na kijiti nyumba ya kampuni alimoishi na mke wake aliyekuwa mgonjwa wa muda mrefu. Upande wa pili, nikinyamaza, vigae vyenye ufa vinakwenda kwa wateja, wateja wanakimbia, Brikteri inafungwa, na sisi sote tunakwenda kufukua mawe kwenye mashimo. Nilimpenda yule mzee. Alinifundisha kazi wakati wenzake walidhani nimeletwa kuwapikia. Nikaamua kumsaidia pasipo yeye kujua.

Nikabuni ujanja ambao niliuona mkubwa. Kabla ya kumpelekea kigae nilikigonga kidogo kwa ukucha. Kikilia, namning'inizia kwa mkono wa kulia. Kikikohoa, kwa wa kushoto. Nilidhani ataelewa taratibu bila sisi kuambizana neno la aibu. Basi siku nyingine ujanja wangu ulifanya kazi vizuri, siku nyingine ukagoma kabisa. Katikati ya wiki alivitupa kwenye rebi hata vile vya mkono wa kulia. Jumamosi alivipitisha vyote kwenda kwa wateja, vya kulia na vya kushoto. Nilikuwa nasimama pale nikibadilisha mikono kama mchezaji wa ngoma aliyepoteza mdundo.

Na gego nalo lilikuwa limetoboka. Upepo ukilipiga, naona nyota mchana. Nilijifunga kitenge shavuni na kukataa kwenda dispansari, kwa sababu muuguzi wa kule alisifika kwa kung'oa meno akiwa ameweka goti kifuani mwa mtu. Jumamosi tu ndiyo halikuniuma, au liliniuma nikasahau, maana Jumamosi mchana tulikuwa na mazoezi ya kwaya, na katika kwaya alikuwemo Selestini.

Wakati huo direkta, mkurugenzi wetu, alikuwa ameezeka upya nyumba yake kwa vigae vya kulia kabisa, vile vya wateja wakubwa. Alikuwa mtu wa hukuhuku Katanga, mnene, mwenye sauti ndogo, asiyependa kuaibisha watu. Mvua ya kwanza ikamwingilia chumbani. Alasiri moja mvua ikinyesha sana akachukua mwavuli, akatembea kartie yetu yote, akaingia kwa Papa Mumba bila taarifa. Mke wa Papa Mumba alitusimulia baadaye. Direkta alikaa, akapewa chai, akainua macho juu. Hakuna tone. Akatafuta beseni kwa macho, akaliona limejaa nguo kavu. Akauliza kama paa hili halivuji. Papa Mumba, ambaye alikuwa ameinamia kikombe chake na hakuona mdomo wa mgeni, akajibu kwamba mama anaendelea vizuri kidogo, aksanti. Direkta akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda.

Kesho yake ilikuwa siku ya katikati ya wiki. Direkta alikuja tanuruni na toroli la vigae alivyovichagua mwenyewe, vizuri na vibovu vimechanganywa, kila kimoja kimewekwa alama ya chaki upande wa chini. Akasema leo atamshikia Papa Mumba vigae yeye mwenyewe. Mimi akaniambia nipumzike. Wafanyakazi wote walikusanyika, na kila mmoja alijua kwamba akitoka pale Papa Mumba atakuwa na kijiti au hatakuwa nacho. Nikasogea nyuma ya mabega ya direkta, mikono yangu imelegea, haina kazi tena. Papa Mumba alinitazama. Nikamtazama. Kalenga alikuwa pembeni yangu akisoma zaburi kwa sauti ya chini.

Papa Mumba akagonga cha kwanza. Kikalia vizuri, nikashusha pumzi, na kijiti kikaelekeza kulia. Akagonga cha pili. Kikakohoa, moyo ukanipasuka nikijua sasa amekwisha, na kijiti kikaelekeza kushoto. Cha tatu kulia, nacho kilikuwa cha kulia. Akaendelea hivyo bila kukosea, na mimi kila kigae kilikuwa kinanipandisha na kunishusha. Direkta alikuwa anageuza chini ya kila kimoja anatazama chaki, na uso wake ukaanza kulainika. Toroli likabaki na vichache. Kalenga kwa furaha akanichotea kikombe cha maji ya baridi kutoka kwenye mtungi, akanipa.

Nikanywa. Kigae kikalia vizuri sana, kimoja cha vile ambavyo sauti yake inakaa hewani, na papo hapo maji yakaingia kwenye gego. Nilikunja uso wote, nikajishika shavu. Kijiti kikaelekeza kushoto.

Direkta akageuza kigae, akaona chaki. Akakigonga mwenyewe kwa kifundo cha kidole, kikalia. Akamtazama Papa Mumba, akaona macho yake hayako kwenye kigae. Akayafuata yale macho taratibu mpaka akageuka nyuma, akanikuta mimi nimeinama na kitenge changu shavuni.  

"Huyu binti bamupeleke ku dispensaire leo," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Ile jino itoke. Na kesho asimame palepale pake, mbele ya Papa."

Kisha akamgeukia Papa Mumba, akamkaribia ili amwone vizuri mdomo, akamwambia aendelee na kazi. Akaondoka. Sisi tulibaki tukishangaa jino langu lina uhusiano gani na vigae. Mimi nilidhani direkta ameguswa na mateso yangu, nikamwombea baraka, mpaka nilipofika dispansari nikakutana na lile goti.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Jumamosi tukahamishiwa kupanga vigae bandani, hatukugonga kitu. Ilikuwa amri ya direkta na hakueleza sababu. Wateja walirudi, malori yakapakia mpaka Kambove. Lakini kwenye kartie rebi ikarudi kuwa rebi, na mvua iliyofuata mabeseni yakavutwa tena sakafuni. Pasta akatangaza mfungo. Kalenga alisema ni dhambi za vijana wa kwaya, akanitazama mimi na Selestini. Tukafunga na kuomba, na paa zikavuja vilevile.

Siku Papa Mumba alipoacha kazi kwa uzee aliniita kwake. Aliniketisha mbele yake, mahali pa mwanga, akaweka kijiti mapajani mwangu. Nilidhani wakati umefika wa kumwambia siri yangu ya mikono miwili, nikaanza kuizunguka kama Ruti alivyoizunguka yake. Akanikatiza.

"Mukono? Minye sikuangaliaka mukono yako hata siku moja," akasema. "Minye nilikuwa nasikilia mu sura yako. Weye ukisikia tuili mubaya, sura inaanguka. Ukisikia muzuri, inafunguka. Sura yako haijue kubeya bongo, haijue kudanganya."

Nikamuuliza basi ule msimu ambao mabeseni yalikauka, ilikuwaje. Mzee akaanza kucheka kabla ya kujibu.

"Ilikuwa jino. Jino ikikuluma, sura yako inaanguka ku kila tuili, na minye natupa muzuri pamoja na mubaya. Kartie yote ilikauka juu ya jino yako, mama. Na samedi, siku ya kwaya, juu ya ule Selestini, mubaya yote ilipita. Njo ile iliendaka ku nyumba ya direkta."

"Na direkta alijua?"

"Alijua. Njo maana aliondoa jino, hakuniondoa minye."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na yeye aliyasikia yote mawili kwa namna yake. Miaka yote nilijiona mimi ndiye ninayembeba kwa siri, kumbe yeye alijua na aliniacha nijione hivyo. Papa Mumba alikufa akiwa kwenye ile nyumba ya kampuni. Mazishini nilisimama mbele, mahali ambapo angeniona.

Sasa nakuja kwenye ofisi yenu. Nilipokipokea kijiti nilikuwa nimeshahamishiwa kinuni mara nyingi kusaidia, na baadaye niliwekwa huko kabisa, mpaka vigae vilipoachwa na mabati yakaingia. Kinu kile hakikubadilika tabia. Ruti anadhani nasikia vizuri kwa sababu tukiwa jikoni namjibu kila anachosema. Jikoni namtazama mdomo. Jana alipokuwa anazungumza huku amenipa mgongo anasugua sufuria kwa sabuni, nilimjibu kwamba mbuzi amekula, na nilivyoona alivyogeuka nilijua nimekosea.

Mliponiita niwachagulie vigae vya zamani kwa ajili ya ofisi, nilipaswa kuwaambia. Lakini mlikuwa mmepanga viti, mmeshika simu zenu mnanipiga picha, direkta wenu kijana amenivalia koti, na mimi nimebeba kijiti cha Papa Mumba. Nani angesema hapo mbele za watu kwamba hasikii? Sasa namwelewa yule mzee kuliko nilivyomwelewa siku zote nilizosimama mbele yake. Nikaketi. Ruti akaning'iniza kigae kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha. Nikagonga, na sikusikia kitu, kimya tupu. Basi nikafanya nilichofundishwa na mimi, nikamtazama Ruti usoni.

Ruti alikuwa anang'aa. Kila kigae, uso umefunguka. Nikasema kulia, nikasema kulia, nikasema kulia, mkapiga makofi, na mimi nikajisifu kwamba udongo wa vichuguu vya Likasi haufi. Tulipomaliza tu ndipo nilipoiona simu mfukoni mwa shati lake inavyowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na yeye anaichungulia. Nikakumbuka kwamba ni Jumamosi.

Hilo ndilo jibu lenu. Viteremsheni vigae vyote, nami nitakuja kuvirudia katikati ya wiki. Ruti atasimama mbele yangu, kwa sababu uso wake pia haujui kudanganya, na nimeshaamua kijiti kitakuwa chake. Ila simu yake ibaki kwa mhasibu, chini ya lile tone.

Na huyo anayemwandikia, kama ni mmoja wenu, na nadhani ni mmoja wenu, aache kuandika, aje nyumbani aonekane. Nyumba yangu ni ya rebi mpaka leo. Nitamketisha mahali ninapopajua mimi, siku ya mvua, nimpe chai, nitazame kama ataimaliza.